Mkulima Aliyekula Mbegu Yake

Masomo: Ayubu 1:13–22, Ayubu 2:11–13, Malaki 3:10, Yohana 9:1–3



Juma hili nataka tuliangalie swali ambalo wengi wetu tunalo moyoni lakini hatulitamki kanisani: shamba la mtu wa Mungu likikauka, kosa ni la nani? Na liko la pili linalozaliwa na hilo. Mtumishi wa Mungu akienda kwa mkulima aliyepoteza mavuno, anakwenda kufanya nini hasa? Kuna bwana shamba wa serikali anayejua mambo ya udongo na dawa. Kuna mwenye duka anayeuza mbegu. Sasa mchungaji na Biblia yake kwapani, pale katikati ya mahindi yaliyokauka, ana kazi gani?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana bila hilo nisingeandika haya.

Ilikuwa mwaka 2022. Mnaukumbuka. Mvua za mwisho wa 2020 zilikuwa haba, za 2021 zikafuata vivyo hivyo, serikali ikatangaza ukame kuwa janga la taifa Septemba 2021, na bado misimu ikazidi kupita mikavu hadi ikafika mitano mfululizo katika sehemu nyingi za nchi. Hapa Manda hata mwaka mzuri una shida yake. Kisiwa chetu ni mawe. Kijiji chetu chenyewe kinaitwa Maweni, na wengi wetu tulitoka bara tukaja kukata mawe ya matumbawe yanayojenga nyumba za Amu na Shela. Maji matamu tunayavusha kwa mashua, au tunayakinga mvua ikinyesha. Anayelima hapa analima kwenye udongo mwembamba ulioketi juu ya jiwe, macho yake yako mawinguni.

Basi Jumapili moja ya mwaka huo nikahubiri juu ya kupanda mbegu. Siku hiyo nilikuwa moto. Nikasema asiyepanda asitarajie kuvuna. Nikasema mtu akiona mbingu zimefungwa juu yake, achunguze maisha yake, huenda kuna kitu amemzuilia Bwana. Nikasema hata kama ni hamsini ya mwisho, ipande. Watu wakasema amina. Sadaka ya siku hiyo, kwa jinsi hali ilivyokuwa, haikuwa mbaya.

Kulikuwa na ndugu mmoja, mtu mzima, alikuja zamani kukata mawe, mgongo ulipomchosha akaomba kipande cha ardhi akaanza kulima kunde, mahindi na mihogo. Alikuwa akikaa benchi la tatu kutoka mbele. Baada ya Jumapili ile sikumwona. Jumapili ya pili, hayuko. Ya tatu, hayuko. Nikasema moyoni, huyu amerudi nyuma. Nikachukua Biblia nikatoka kwenda kumkemea kwa upendo, kama tunavyosema.

Nilimkuta ameketi chini ya kivuli cha mwarobaini, jembe limelala. Shamba lilikuwa jeupe. Nikamsalimu, nikaanza ile hotuba yangu ya kondoo aliyepotea. Akaninyamazia mpaka nikafika mwisho. Kisha akasema polepole, wala hakuwa na hasira:

"Pasta, ile siku ulisema tupande mbegu. Mbegu nilikuwa nimeshaipika. Ile gorogoro ya kunde niliyoiweka ya msimu, mama watoto aliipika tukala siku nne. Sasa nikikaa pale mbele, nilikuwa naona ni mimi unayesemwa."

Wapendwa, sikuwa na neno. Mkulima kula mbegu yake si jambo dogo. Wewe uliyezaliwa nyumba ya wakulima unajua. Mbegu hailiwi. Njaa inaweza kula mbuzi, ikala kuku, ikauza bati la jiko, lakini mbegu inabaki imening'inia juu ya moto, na watoto wanajua wasiiguse. Mtu akifika kuipika, ujue amekwisha kupita kila mlango mwingine. Na mmoja wa milango hiyo aliyoipita bila kubisha ulikuwa mlango wa kanisa lake. Hakutuambia. Kwa nini atuambie? Nilikuwa nimeshamwambia hadharani kwamba shida yake ni dhambi yake.

Nikaketi juu ya jerikeni tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma yangu ya kwanza ya kweli kwa mkulima yule. Niliketi, nikanyamaza.

Tulipokuwa tumekaa hivyo, akatokea mzee mmoja wa Shela. Huvuka mara kwa mara kuja kulima kipande chake kilichopakana na hiki. Alibeba kifuko. Akatusalimu, akaniita "Padri", maana wengi wao hutuita sote padri, akamkabidhi ndugu yetu kile kifuko. Kunde za mbegu. Nikamwuliza kama anauza. Akacheka kidogo. "Siuzi. Mwaka ule yeye aliniazima mimi. Leo ni zamu yangu."

Kumbe! Nilikuwa nimemchunga mtu yule miaka, namwombea, namwita mbele kupokea, wala sikujua kwamba ana jirani wa namna ile. Yule mzee, ambaye hatuswali wala hatuabudu pamoja, alijua kwamba nyumba ile haina mbegu. Mimi mchungaji wake sikujua.

Nilirudi nyumbani sijamkemea mtu. Usiku ule nikafungua kitabu cha Ayubu.

Ayubu alikuwa mkulima

Tunapomsoma Ayubu huwa tunakimbilia majipu na kifo cha watoto, tunasahau kazi yake. Angalia sura ya kwanza, mstari wa 14. Mjumbe wa kwanza anapokuja, habari anayoleta ni ya shambani: ng'ombe walikuwa wakilima, na punda wakila malisho karibu nao. Kisha wavamizi wakaja, wakateka mifugo, wakaua vijana wa kazi kwa upanga. Kwetu kaunti ya Lamu habari hiyo haihitaji mfasiri. Tunakumbuka Mpeketoni, Juni 2014, ambapo zaidi ya watu 60 waliuawa. Tunakumbuka Hindi mwezi uliofuata. Tunakumbuka Juni 2023, Juhudi na Salama, watu watano waliuawa usiku. Wengi waliopoteza watu na mali katika vijiji hivyo ni wakulima, watu wa mahindi, ufuta, pamba na korosho, ambao wazazi wao walipewa ardhi katika miradi ya makazi. Na kila mara baada ya shambulio kuna familia zinazoacha mazao yamesimama shambani, zinakwenda kulala shuleni au kwa jamaa.

Basi Ayubu ni mmoja wao. Na Biblia inasema rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, waliposikia walipatana waende kumwona. Walitoka kila mtu mahali pake. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua. Walilia. Wakaketi naye chini, siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kuu mno.

Mpaka hapo, wapendwa, hao ni wachungaji wazuri kuliko mimi. Walisafiri. Walikaa chini, palipokuwa na mwenye shida. Walinyamaza juma zima. Kosa lao lilianza walipofungua kinywa. Walianza kumweleza kwa nini. Wakasema Mungu hamwadhibu asiye na hatia, kwa hiyo Ayubu achunguze maisha yake. Ni mahubiri yangu yaleyale ya 2022, na wao walitangulia kuyahubiri! Mwisho wa kitabu, sura ya 42 mstari wa 7, Mungu anawakasirikia watatu hao na kusema hawakunena yaliyo sawa.

Mwana wa Mungu alipoulizwa swali hilohilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alikataa majibu yote mawili. Katika Luka 13 alipotajiwa wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara, alikataa tena kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine. Na katika Mathayo 5:45 anatufundisha kwamba Baba hunyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Kama mvua haichagui inaponyesha, sisi tunapata wapi ujasiri wa kusema inachagua isiponyesha?

"Lakini Pasta, Malaki je?"

Najua kuna ndugu ameshafungua Malaki 3:10. Hata mimi ndiyo niliyoihubiri. Je, Bwana hakuahidi kufungua madirisha ya mbinguni na kumkemea mlaji kwa ajili yetu? Ameahidi. Neno ni kweli, na sitaki mtu asome makala hii akaacha kutoa zaka akidhani nimempa ruhusa.

Lakini tusome mstari wote. Tukifika kwenye zaka tunapaza sauti, tukifika kwenye ghala tunapita mbio. Mungu anasema zaka iletwe ghalani ili kiwemo chakula katika nyumba yake. Chakula cha nani? Rudi Kumbukumbu la Torati 14:28–29. Kila mwaka wa tatu zaka inawekwa ndani ya miji, na Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane, waje wale washibe. Ghala lilikuwa na mlango wa kuingizia na mlango wa kutolea. Sisi tumejenga ghala lenye mlango mmoja.

Sasa lirudie lile swali. Ndugu yetu alikula mbegu yake mwaka wa ukame, na kanisa lake lilikuwa na kapu la sadaka lililopita mbele yake Jumapili hiyohiyo. Malaki akisimama pale Maweni, angemnyoshea nani kidole? Mimi naamini angetunyoshea sisi. Tulimtaka mtu asiye na mbegu apande, na wenye ghala hatukufungua. Nilimwambia achunguze maisha yake kuona amemzuilia Bwana nini. Kumbe mwenye kuzuia nilikuwa mimi.

Mwingine atasema: wako wavivu. Wako, kweli. Mithali inawasema, na Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Siwatetei. Lakini nakuuliza, uvivu unaujulia wapi? Mimbarani huwezi kuuona. Kutoka mimbarani shamba la mvivu na shamba la mwenye bidii yaliyokosa mvua yanafanana, yote meupe. Ukitaka kujua tofauti lazima uende, uone mashimo yalichimbwa au hayakuchimbwa, magugu yaling'olewa au hayakung'olewa. Anayehukumu bila kwenda hajapata haki ya kuhukumu. Na nimegundua kwamba ukienda, ile hamu ya kuhukumu inapungua njiani.

Mtumishi anayekaa walipo watu

Makanisa mengine wana neno kasisi, na tumezoea kusikia kasisi wa jeshi, kasisi wa hospitali, kasisi wa gereza. Maana yake ni mtumishi aliyewekwa mahali watu walipo, kwenye kazi yao na shida yao, badala ya kuwangoja Jumapili. Sisi Wapentekoste hatulitumii sana neno hilo, lakini kazi yenyewe ni ya Biblia. Na iko nchi ambazo wakulima nao wana makasisi wao.

Kule Uingereza wako makasisi wanaozunguka kwenye minada ya mifugo. Siku ya mnada wanasimama pale kati ya ng'ombe na kondoo, wanakunywa chai na wafugaji, wanauliza habari za nyumbani. Mwaka 1995 Wakristo wa nchi hiyo walianzisha mtandao wa watu wa kujitolea wa kuwasikiliza wakulima walio kwenye shida, ambao leo unaitwa Farming Community Network. Mwaka 2001 ulipozuka ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa ili kuuzuia. Mashamba yalifungwa, jirani haingii kwa jirani. Mfugaji aliachwa peke yake na zizi tupu. Watu wale walikaa kwenye simu kumsikiliza mtu ambaye hakuna aliyeweza kumfikia kwa miguu. Nchi tajiri, matrekta, bima, barabara za lami, na bado shida kubwa ya mkulima ikawa ileile ya ndugu yetu wa Maweni: yuko peke yake, na anaona aibu.

Hilo ndilo jibu nililopata kwa swali langu la pili. Hasara ya shamba ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mazao, na hiyo bwana shamba na mwenye mbegu wanaweza kusaidia. Sehemu ya pili ni kujificha. Mkulima aliyeshindwa hujitenga. Haendi kanisani kwa kuwa hana sadaka. Haendi harusini kwa kuwa hana cha kupeleka. Haendi dukani kwa kuwa anadaiwa. Mwisho hata akipata mbegu, hana watu. Kazi ya mchungaji wa wakulima ni kumtafuta mtu huyo alipojificha, kukaa naye, halafu kumrudisha kwa watu na kuwarudisha watu kwake.

Angalia Ayubu alivyorudishwa. Tunasema Mungu alimpa maradufu, tunafunga kitabu. Soma 42:11. Walimjia ndugu zake wote na dada zake na wote waliomjua hapo kwanza, wakala chakula nyumbani mwake, wakamfariji, na kila mtu akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Baraka ya Mungu ilipita mikononi mwa majirani. Mungu angeweza kuishusha toka juu. Alichagua wale ambao walikuwa wamemkimbia.

Majirani wetu ni akina nani?

Hapa Manda swali hilo halikwepeki. Wakulima wenzetu na wateja wetu wengi ni Waislamu wa Shela na Amu. Boti zinazovusha maji na mbegu na mihogo yetu nyingi ni zao. Wakati wa mashambulio ya bara hofu iliingia katikati yetu, wala tusidanganyane kwamba yote ilitoka. Kuna waliosema Mkristo asaidie Mkristo kwanza na basi.

Nendeni mkaone magofu ya Takwa, hapa hapa kisiwani. Ulikuwa mji, una msikiti wake mkubwa na ukuta wake, na mwishoni mwa karne ya 17 watu wake wakauhama wakavuka kwenda Shela. Inasemekana maji yaligeuka chumvi. Pale nje kuna kaburi lenye nguzo, lina tarehe inayolingana na mwaka 1681 au 1682, na watu wa Shela wamekuwa wakivuka kuja hapo kuomba dua ya mvua. Sisi hatuombi makaburini, imani yetu iko wazi na siifichi. Lakini nikiwaona wazee wanavuka mkondo kwa ajili ya mvua, sioni watu wa kudharau. Naona watu walioukimbia ukame wa kisiwa hiki zaidi ya miaka 300 kabla yetu, na bado wanaukumbuka. Kiu yao na yetu ni moja.

Basi msaada wetu usiwe chambo. Kuna namna ya kumpa mtu kibaba cha mbegu huku umeshika shingo yake. Yesu aliponya wakoma kumi, Luka 17. Akarudi mmoja kushukuru. Bwana aliuliza wale tisa wako wapi, lakini hakuwarudishia ukoma wao. Na sisi tutamshuhudia Kristo wazi, ila mbegu tutakayompa jirani haitakuwa na kamba.

Tulichofanya

Sitaki mseme Pasta ametupa maswali akaenda. Haya ndiyo tuliyoanza, pamoja na makosa yake.

Kwanza, wazee wa kanisa waligawana wakulima wetu, kila mzee nyumba chache, na kanuni ni moja: tembelea shamba kabla hujaongea. Zunguka na mwenyewe mpaka mpakani. Uliza, sikiliza. Maombi yaje mwisho, tena umwulize anataka uombee nini. Yaliyozidi uwezo wetu tunayapeleka kwa afisa wa kilimo. Mchungaji anayejifanya anajua kila dawa ni hatari shambani.

Pili, tulianzisha ghala la mbegu. Usiwaze jengo. Ni mapipa mawili yenye vifuniko nyuma ya kanisa. Aliyevuna analeta gorogoro moja, au pishi kama wanavyosema wenyeji, na anayepungukiwa anaazima, awe wa kanisa au asiwe. Akivuna anarudisha kipimo kilekile, hakuna riba. Wazo si letu, tulimwiga yule mzee wa Shela na kifuko chake. Msimu wa kwanza fukusi walitula karibu pipa zima, kwa sababu hatukukausha vizuri. Akina mama wakatufundisha kuchanganya na jivu. Na wako waliokopa hawajarudisha mpaka leo. Hatuwatangazi.

Tatu, tunajifunza kilimo cha kufunika udongo. Kule Zimbabwe, miaka ya 1980, mkulima mmoja Mkristo, Brian Oldreive, shamba lake likikaribia kufilisika, aliangalia msituni akaona hakuna anayelima kwa plau na bado miti inamea, ardhi imefunikwa majani. Akaacha kugeuza udongo, akachimba vishimo, akafunika kwa majani makavu. Makanisa mengi ya Afrika, hata Kenya, yanafundisha njia hiyo, na wanayaita yale majani blanketi la Mungu. Kwa udongo mwembamba wa Manda, blanketi ni jambo la maana, unyevu hauondoki haraka. Lakini hatuwaambii watu kwamba ukifunika utatajirika. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zilikuja kwa nguvu, barabara ya kutoka Lamu kwenda Garsen ikakatwa na mafuriko. Wenye blanketi na wasio na blanketi, mazao yakikwama njiani yanaoza sawasawa.

Nne, na hili lilikuwa gumu kuliko yote, tulibadilisha kipindi cha ushuhuda. Zamani aliyevuna ndiye aliyesimama. Sasa mara moja kwa mwezi tunawaita waliokosa. Anasimama, anasema, "Sikuvuna, na bado niko na Bwana." Hatumwulizi kwa nini. Nabii Habakuki, sura ya 3 kuanzia mstari wa 17, anataja mtini usiochanua, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na ng'ombe, na bado anaamua kumfurahia Bwana. Huo nao ni ushuhuda, na kwa miaka mingi tuliunyima nafasi.

Ndugu yetu alirudi kanisani baada ya miezi kadhaa. Siku hizi anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, harudi tena la tatu. Sijamwuliza. Nilimwomba msamaha kwake nyumbani, kisha nikamwomba msamaha mbele ya kanisa bila kumtaja jina, maana kosa nililifanya hadharani. Aliniambia, "Yamekwisha, Pasta," lakini nadhani mengine hayaishi upesi, na ni haki yake yasiishe upesi. Hajapata mavuno makubwa ya kusimulia. Jumapili moja baada ya ibada nilimkuta nyuma ya kanisa amefunua pipa, anamimina kunde taratibu zisimwagike. Alipomaliza akalikung'uta lile kopo, akafunga kifuniko, akaniuliza kama mzee wa benchi la mbele aliyelazwa hospitali amepata wa kumpalilia shamba.

Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi twende tukaone."

Tulikwenda. Wewe nawe, msomaji, kabla ya Jumapili ijayo, fikiria ni nani hujamwona kanisani tangu mvua ilipokosekana. Usimwandalie hotuba. Nenda ukaketi.

Tuombe. Baba wa mbinguni, utusamehe tulipowatwika ndugu zetu mzigo wa aibu juu ya mzigo wa njaa. Utufundishe kunyamaza kama walivyonyamaza marafiki wa Ayubu, wala tusiseme kama walivyosema. Fungua ghala lako, na ghala letu pia. Unyeshee Manda, Shela, Hindi na Mpeketoni, kila shamba na kila nyumba. Katika jina la Yesu, amina.